Kabla ya Kuiongezea Halmashauri Madaraka ya Shule, Tuangalie Inavyopanga Walimu

Matokeo ya mitihani yakitoka, lawama zinajua njia ya kupita. Mkuu wa mkoa anamuuliza mkuu wa wilaya, mkuu wa wilaya anamgeukia mkurugenzi, mkurugenzi anamwita afisa elimu, na kabla jua halijazama walimu wakuu wameshapata ujumbe kwenye kundi lao la WhatsApp: kikao cha tathmini kesho saa mbili asubuhi, kufika bila kukosa, kila mmoja aje na mkakati wa kuinua ufaulu. NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, iliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023. Huku chini kwenye halmashauri nyingi orodha haikuachwa. Inapangwa kwenye kompyuta ya ofisi ya elimu, na aliyeshika mkia anasimama mbele ya wenzake kujieleza.

Kwa namna moja ni haki. Kisheria shule ya msingi ya umma na sekondari ya kata ni mali ya halmashauri, na anayemiliki ndiye anayeulizwa. Ila ukikaa ukachambua nani anaamua nini kwenye shule hizo, unakuta mmiliki anaamua mambo machache mno. Ndiyo maana wapenzi wa ugatuaji wamekuwa wakisema miaka yote: mpeni mwenye shule madaraka kamili, aajiri, akusanye fedha, apange bajeti, ndipo mumuulize. Hoja hiyo ina mvuto na nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayonitia shaka, kwa sababu kuna jambo moja ambalo halmashauri imekuwa na mamlaka nalo muda wote, na jinsi inavyolifanya haituhimizi kuiongezea mengine.

Historia kwa ufupi. Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere alivunja halmashauri za wilaya kwa mpango wa Madaraka Mikoani, ambao pamoja na jina lake uliyapeleka madaraka kwa watendaji wa serikali kuu waliohamishiwa mikoani. Sheria za 1982 zilizirudisha, zikaanza kazi 1984. Elimu ya msingi ikarudi kwao, na kati ya 2008 na 2009 wakakabidhiwa na sekondari, wakati huo shule za kata zikiwa zimechipuka kila mahali chini ya MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Hilo halina utata kwenye karatasi.

Sasa mchukue mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Kibali cha kumwajiri kinatoka Utumishi, ofisi ya serikali kuu inayosimamia watumishi wa umma. Usaili siku hizi uko mikononi mwa Sekretarieti ya Ajira, na zamani kidogo aliomba moja kwa moja TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, na kupangiwa halmashauri ambayo huenda hakuwahi kuisikia. Mshahara wake unatoka Hazina. Kupandishwa daraja na kuchukuliwa hatua za nidhamu ni kazi ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Mtaala anaoufundisha na mtihani unaowapima wanafunzi wake ni wa Wizara ya Elimu na taasisi zake. Anayekuja kukagua andalio lake la somo ni mdhibiti ubora, ambaye ofisi yake ipo wilayani lakini bosi wake yuko wizarani, si kwa mkurugenzi. Mdhibiti akiandika kwamba shule haina vyoo vya kutosha, ripoti inapanda kwa wizara isiyo na fungu la vyoo, na mwenye fungu la vyoo anapata nakala. Nakala, kama tujuavyo, zina makabati yake.

Upande wa wawakilishi hali haina nafuu. Diwani anayesimamia shule anaketi kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji. Mambo matatu mazito, kikao kimoja kwa robo mwaka, na mara nyingi agenda ya maji ndiyo inayomaliza siku, kwani bomba lililokauka lina kelele kuliko darasa la tatu lisilojua kusoma. Sheria inamtaka diwani ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi. Simlaumu. Nasema tu kwamba taarifa ya elimu anayopewa ni kurasa za majedwali, na swali analoweza kuuliza kwa uhakika ni lini boma la kijijini kwake litaezekwa.

Twende kwenye fedha. Mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, ulipoanza 2002, serikali iliahidi ruzuku ya uendeshaji ya dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, wakati huo sawa na kama shilingi 10,000. Waraka wa elimu bila malipo wa mwishoni mwa 2015 ulirudia kiwango kile kile, shilingi 10,000 kwa msingi na 25,000 kwa sekondari, ilhali shilingi 10,000 ya siku hiyo haikufika dola tano. Na hiyo haifiki yote shuleni. Kwa shule ya msingi 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndiyo inashuka. Kwa sekondari wanagawana nusu kwa nusu.

Shule yenye watoto 600, kwa hesabu hiyo, inapata shilingi milioni 3.6 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Humo kuna chaki, rimu za karatasi, wino wa kudurufu mitihani ya majaribio, mpira, ufagio, bati lililong'olewa na upepo, bawaba za milango na nauli ya mwalimu mkuu kwenda wilayani kupeleka taarifa za jinsi fedha hizo zilivyotumika. Mwongozo umeshazigawa kwa asilimia, hivyo hata hizo 300,000 kamati ya shule haichagui sana. Shule ndogo ya watoto 200, kama zilivyo nyingi vijijini, inapata 100,000 kwa mwezi. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, iliyoanzishwa kipindi hicho hicho, ni 200,000. Anastahili, tena pengine zaidi. Lakini serikali inayomlipa msimamizi mara mbili ya fedha anazosimamia imekiri kitu fulani kuhusu fedha zenyewe.

Hapa lazima niseme jambo la haki kwa serikali kuu. Kabla ya 2016 ruzuku ilipitia halmashauri, na njiani ilipungua, ikachelewa, wakati mwingine ikapotelea kwenye matumizi mengine ya wilaya. Tangu ilipoanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, kiasi ni kidogo ila kinafika, na mwalimu mkuu anakijua kabla ya mkurugenzi. Nani aliyelalamika madaraka ya halmashauri yalipopunguzwa kwa kurukwa namna hiyo? Sikumsikia mzazi hata mmoja.

Vipi kuhusu mapato ya ndani? Huko ndiko halmashauri ingeweza kujitegemea, na huko ndiko imekuwa ikinyofolewa kidogo kidogo. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003. Ushuru wa mazao, uliokuwa hadi asilimia 5, ulishushwa 2017 kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU unaponunua umeme, kiasi kwamba mwenye nyumba hajui tena kama analipa kodi ya mji wake au bili. Kinachobaki kinakuja na masharti, ikiwemo asilimia 10 ya mikopo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkurugenzi wa wilaya ya wakulima akimaliza kulipa posho za vikao na kuweka mafuta kwenye magari, kwenye elimu anachangia madawati.

Kwa hiyo wapenzi wa ugatuaji wana hoja: huwezi kumwita mtu mwendeshaji huku usukani, breki na pedali za mafuta ziko kwenye magari mengine. Wanachokipendekeza ni kodi irudi, kila wilaya ilipie shule zake.

Nchi iliyokwenda na wazo hilo hadi mwisho ni Marekani. Kule kuna wilaya za shule zaidi ya 12,000, nyingi zikiwa na bodi iliyochaguliwa na wananchi kwa kazi moja tu, shule, bila maji wala zahanati kwenye agenda. Bodi inaajiri mkurugenzi wa elimu na inaweza kumfukuza. Inaajiri walimu. Sehemu kubwa ya fedha inatoka kwenye kodi ya majengo ya eneo hilo hilo. Kwa mtu anayetamani madaraka ya wananchi, hiyo ni pepo.

Pepo hiyo ilifikishwa mahakamani na wazazi wa Edgewood, wilaya ya shule ya watu wa kipato cha chini mjini San Antonio, Texas, wengi wao wenye asili ya Mexico. Mwaka 1968 wanafunzi waligoma na kutoka madarasani kwa sababu ya majengo mabovu na walimu wasio na sifa. Takwimu zilizoletwa mahakamani zilikuwa hivi: wakazi wa Edgewood walijitoza kodi ya dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya jengo, wakapata dola 26 kwa kila mwanafunzi. Jirani zao wa Alamo Heights, jiji lile lile, walijitoza senti 85 tu na wakapata dola 333. Maskini walijikamua zaidi na kupata kidogo zaidi, kwa kuwa nyumba zao hazikuwa na thamani. Hata baada ya fedha za jimbo na za serikali kuu kujazilizwa, Edgewood ilitumia dola 356 kwa mtoto, Alamo Heights 594. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba hakuna kosa la kikatiba, na moja ya sababu ilikuwa thamani ya kuacha elimu mikononi mwa wenyeji. Ilichukua hadi 1989 kwa mahakama ya juu ya jimbo la Texas kusema mfumo huo unakiuka katiba ya jimbo.

Weka ramani ya Tanzania juu ya hesabu hiyo. Geita ina ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo kutoka kwenye mgodi mkubwa wa dhahabu. Kinondoni ina hoteli, benki na majumba ya Masaki. Kakonko, huko Kigoma, ina nini? Ukisema kila halmashauri ilipie shule zake, umesema mtoto wa Kakonko asome kwa thamani ya mihogo. Kwa hiyo fedha zibaki kutoka juu, kwa kanuni ya idadi ya watoto, ziongezwe, ziendelee kwenda moja kwa moja shuleni. Kwenye hilo sina mashaka, na halmashauri isione kama imenyang'anywa.

Wenzetu wa Kenya walikata shauri mapema: Katiba ya 2010 iliziachia kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, shule za msingi na sekondari zikabaki kwa serikali ya kitaifa, na walimu kwa tume yao, TSC. Angalau huko mzazi anajua wa kumshtaki.

Sasa nije kwenye lile jambo moja. Mwalimu akishapokelewa wilayani, nani anaamua aende shule gani? Mkurugenzi, kwa ushauri wa afisa elimu. Nani anaweza kumtoa shule A yenye walimu 24 kumpeleka shule B yenye walimu wanne, zote ndani ya wilaya? Huyo huyo. Hahitaji kibali cha Dodoma wala fedha za mfadhili. Na matokeo yake mtu yeyote aliyezunguka wilaya anayajua: shule ya karibu na stendi, penye umeme na mtandao, ina walimu hadi wanapeana zamu ya viti ofisini, na shule iliyo mwisho wa barabara ya udongo ina mwalimu mkuu, msaidizi wake, na kijana wa kujitolea aliyemaliza kidato cha nne anayelipwa na michango ya wazazi. Uwiano unaotakiwa kitaifa kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Wastani wa wilaya unaweza kuukaribia huku hakuna shule hata moja iliyoukaribia.

Wengi wanaeleza hali hii kwa vimemo vya wakubwa na rushwa. Vipo, sitajifanya sijui. Lakini hata wilaya ya malaika ingeishia hapo hapo, kwa sababu ya namna uhamisho unavyolipwa. Halmashauri ikimhamisha mwalimu kwa matakwa yake yenyewe, inadaiwa posho ya kujikimu, nauli ya familia na kusafirisha mizigo. Mwalimu akiomba mwenyewe kuhama, halmashauri haidaiwi hata senti. Mkurugenzi asiye na fedha, tena ambaye meza yake imejaa barua za madai ya uhamisho ya miaka iliyopita, atafanya nini? Atasaini zile zisizo na gharama. Na mwalimu anayeomba kuhama haombi kwenda kule mwisho wa barabara. Anaomba kwenda kwa mume, kwa hospitali, kwa mtoto anayesoma mjini. Kila ombi likisimama peke yake lina sababu nzuri, tena za kibinadamu. Yakijumlishwa kwa miaka kumi yamehamisha ikama nzima ya wilaya, yaani mgawanyo wa walimu wake, kutoka vijijini kwenda makao makuu, bila mtu kukaa kikao na kuamua hivyo.

Kati ya wilaya na wilaya ni vivyo hivyo. Pita kwenye makundi ya walimu mtandaoni uone matangazo: "Natafuta wa kubadilishana naye, mimi nipo Kibondo msingi, naomba Moshi au Arusha, tuongee inbox." Soko kamili, lina wauzaji wengi wa Kibondo na wanunuzi wachache mno.

Serikali kuu iliwahi kulazimisha. Sekondari zilipoonekana kufurika walimu wa masomo ya sanaa huku fizikia na hisabati hazina wafundishaji, agizo lilitolewa wa ziada wapelekwe shule za msingi, na miaka ya 2017 na 2018 walimu wakashushwa kwa maelfu. Waliolalamika walikuwa na sababu, hasa waliopewa darasa la kwanza bila kufundishwa kufundisha mtoto kusoma. Ila ziada hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ilijikusanya chini ya macho ya wilaya zenyewe, na ilipogunduliwa ikagunduliwa na watu wa makao makuu.

Mtu ataniambia halmashauri zimeonyesha uwezo. Kweli kabisa. Mkopo wa UVIKO-19 ulipokuja mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, halmashauri zilipewa milioni 20 kwa kila darasa na muda wa miezi michache. Madarasa 15,000 yakasimama, na Januari 2022 watoto waliofaulu kwenda kidato cha kwanza waliingia kwa mkupuo mmoja badala ya kusubiri chaguo la pili. Mafundi wa mtaani, kamati za mapokezi, wazazi wakisomba mchanga na maji: hicho ni kitu ambacho hakuna katibu mkuu wa wizara angekifanya kutoka Dodoma. Lakini angalia ni nini walichoamua. Kiasi kilikuwa kile kile Tanga, penye kiwanda cha saruji, na Ukerewe, ambako kila mfuko unavuka ziwa. Ramani ilikuwa moja, tarehe moja, na wakuu wa wilaya walikagua usiku wakiwa na tochi. Walitekeleza vizuri sana. Kuamua ni jambo jingine, na kuamua nani afundishe wapi ni kugumu zaidi ya kumwaga jamvi, kwani darasa halina mume wa kufuatwa wala mjomba bungeni.

Na jengo linaonekana. Diwani analionyesha kwenye kampeni, mbunge anakata utepe. Mwalimu wa hisabati aliyehamishiwa shule ya pembezoni hakatiwi utepe, na shule aliyotoka itampigia diwani simu kulalamika. Hakuna kura kwenye kusawazisha ikama. Kuna maadui tu. Kwa hiyo nikisikia pendekezo la kuipa halmashauri uwezo wa kuajiri walimu wake, najiuliza msukumo ule ule utakaa wapi siku ya kuandika orodha ya waliofaulu usaili.

Ningeanza na madogo. Nafasi ya mwalimu iwe mali ya shule, iandikwe kwa jina la shule na somo, ili anayeomba kuhama asiondoke na nafasi mfukoni: akiondoka, pengo linabaki limeandikwa na linajazwa kabla ya kuongeza mtu mahali penye ziada. Uhamisho wa kwenda mahali penye upungufu ulipwe kwanza, kabla ya deni lolote la kikao. Kama sheria imeweza kuilazimisha halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake kwa mikopo, inaweza kuilazimisha itenge asilimia moja kwa kazi hiyo, pamoja na kodi ya nyumba kwa anayekubali kwenda kule ambako nyumba ya mwalimu ni ndoto. Ripoti ya mdhibiti ubora isomwe kwenye Baraza la Madiwani, kwa sauti, mkurugenzi akiwepo.

Na karatasi moja ibandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri na za kila kata: jina la shule, wanafunzi, walimu waliopo, wanaotakiwa. Takwimu zenyewe zipo, shule huzijaza kila mwaka na TAMISEMI huzikusanya. Kinachokosekana ni kuziweka kwa kata, upande kwa upande, ili mzazi wa shule yenye walimu wanne aone kwamba kilomita 18 kutoka kwake kuna yenye 24. Hilo halihitaji sheria mpya. Diwani mmoja akiomba orodha hiyo kwenye kikao cha bajeti cha Februari, kabla ya mjadala wa madawati, afisa elimu hana kanuni ya kumnyima.